Nakala ya Elkanah Kivuva

Elkanah Kivuva hakuwa mtu wa kuamini neno lisilo na nakala. Miaka ishirini na saba alikuwa karani wa masijala kule Kwale, juu kilimani, katika chumba chenye dirisha moja na rafu zilizopanda mpaka darini, na kwa miaka yote hiyo hakuna karatasi iliyotoka mlangoni pake kabla pacha wake hajabaki ndani. Akiandika barua kwa taipu, alipachika karatasi ya kaboni. Ikija barua, aliigonga muhuri wa tarehe, akaitoboa, akaifunga katika faili lake kwa uzi wa kijani. Mkubwa akiuliza, "Kivuva, yule bwana wa Lunga Lunga alitujibu nini?" Kivuva hakukuna kichwa. Alinyoosha mkono tu, kama mama ajuaye chumvi ilipo hata gizani.

Kazi ile imekufa, na waliokuwa wakiijua wanakufa mmoja mmoja. Siku hizi mtu hukwambia barua iko "humo ndani" huku akielekeza kidole kwenye kisanduku cha plastiki, na ukimwuliza humo ndani wapi, anakucheka.

Shule aliiacha darasa la nne, baba yake alipowahamisha kutoka Ukambani kuja kufyeka msitu katika mashamba mapya waliyogawiwa huko Shimba Hills, upande wa Lukore. Kusoma zaidi alijisomea mwenyewe, kwa taa ya koroboi, kisha kwa kuyapitia magazeti ya serikali aliyopewa ayafunge. Kiingereza chake kilikuwa cha sheria na matangazo ya minada: kigumu, kilichonyooka, kisicho na mzaha. Ndivyo alivyokuwa na yeye.

Tena alikuwa na tabia moja iliyowatesa watu wa nyumbani kwake. Jambo asilolitaka hakulikataa kwa maneno. Alinyamaza. Angeweza kunyamaza wiki nzima, akila, akilima, akisali, na swali lako likabaki limening'inia kama nguo iliyosahauliwa kambani. Mkewe Kalondu alikuwa akiwaambia wageni, "Msingoje jibu. Kivuva akinyamaza ameshajibu."

Binti yao mmoja tu, Mumbe, alilijua hilo vizuri kuliko wote. Alikuwa akifanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Diani, na mwaka 1994 alimleta Lukore Mswisi mmoja mrefu, mpole, jina lake Urs, akasema ndiye mchumba wake. Kalondu alipika kuku. Kivuva alimpa mgeni mkono, akampa kiti, akamaliza chakula chake, akaenda kutazama michungwa. Mumbe alingoja miezi mitatu. Mwezi wa nne aliolewa mjini bila baba, akapanda ndege.

Kalondu alifariki mwaka 1996. Mumbe alikuja siku ya maziko, akasimama upande mmoja wa kaburi na baba yake upande wa pili, chini ya michungwa ambayo marehemu aliipanda kwa mkono wake, na baada ya siku nne akarudi kwa mumewe. Hawakugombana. Ingekuwa afadhali wangegombana.

Mwaka uliofuata zikaja ghasia za pwani, za kuwafukuza watu wa bara, ambazo kila mwenye umri wake anazikumbuka na hakuna anayetaka kuzisimulia. Kivuva alilala siku kumi na nane katika uwanja wa kanisa pamoja na watu wengine wa bara. Aliporudi, nyumba ilikuwa imeungua upande mmoja, na upande huo ndiko lilikokuwa sanduku la bati lenye barua za Mumbe na anwani yake. Mtu wa nakala alikuwa amebaki hana hata moja.

Mahoteli yakawa matupu. Majirani wakauza, wakarudi Makueni na Kitui. Ndovu wakazidi kutoka msituni, maana waliokuwa wakipiga madebe usiku wamekwenda zao. Kufikia mwaka 1999 Kivuva alikuwa na miaka sitini na moja, amepanga chumba Ukunda, na shambani anapanda Jumapili tu kung'oa magugu juu ya kaburi.

Aliyempa kazi Ukunda alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Gillian, mzaliwa wa Siaya. Gillian alifanya kazi mapokezi pamoja na Mumbe, na hoteli yao ilipofungwa alinunua kompyuta moja ya humo humo hotelini, mashine ya faksi na ya kutoa fotokopi, akafungua ofisi ya uchapaji karibu na posta. Akahitaji mtu wa kuchapa anayejua herufi inakaa wapi. Kivuva akahitaji mahali pa kukaa mchana.

Mnunuzi wa shamba alijileta mwenyewe mwezi wa Juni. Aliitwa Mangi, Mduruma mfuga ng'ombe wa kule Mackinnon Road, mtu wa heshima. Alisimama mlangoni mwa ofisi, akavua kofia.

"Hodi hapa."

"Karibu."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Huko ni salama, ila ukame umetumaliza. Mzee, nimesikia una shamba na huna wa kulishika. Mimi nina watoto saba na ng'ombe wasio na majani. Sikulazimishi. Lakini bodi ya ardhi inakaa Kwale Alhamisi ya tarehe tisa Septemba, na ikipita hiyo nitatafuta pengine."

Kivuva hakujibu. Mangi, ambaye hakumjua, alidhani mzee anafikiri, na safari hii kweli alikuwa akifikiri. Shamba lile si lake peke yake. Lilikuwa la Mumbe pia, na mama yake Mumbe amelala humo. Kama binti atasema atarudi siku moja, hata baada ya miaka kumi, haliuzwi. Kama hataki, hakuna maana ya mzee kukimbizana na ndovu mpaka afe. Ilibaki kumwuliza tu, na hakuwa na anwani.

"Kumbe hilo ndilo linakunyima usingizi?" Gillian akasema alipoelezwa. "Mzee, Mumbe ana barua pepe! Nilipewa na msichana tuliyekuwa naye kazini. Mwandikie leo, kesho anasoma."

"Kesho?"

"Hata leo hii, akiwa karibu na mashine. Wewe tunga tu."

Akatunga. Alitumia siku mbili, na ikatoka mistari tisa. Ilikuwa barua ya kwanza aliyomwandikia binti yake katika miaka mitano. Mstari wa mwisho ulisema: *Nijibu kabla ya tarehe tisa Septemba. Ukinyamaza nitajua umejibu.*

Jumatatu ya tarehe tano Julai Gillian akamfungulia sanduku la barua kwenye intaneti, kwa jina lake, akaipeleka. Mashine ikapiga simu, ikalia kama paka aliyebanwa mlangoni, ikatulia. Ukurasa wa sanduku ukajichora pole pole mpaka ukakamilika. Juu yake paliandikwa jina lake, na chini ya jina: barua mpya, sufuri.

"Nakala iko wapi?" Kivuva akauliza.

"Nakala ya nini?"

"Ya huu ukurasa. Niuone kesho."

Gillian akacheka, lakini alikuwa mtu wa kusaidia. Akamwonyesha jinsi ya kuuhifadhi ukurasa ndani ya mashine. Kikatokea kipicha cha karatasi ndogo kwenye kioo. "Haya, hiyo hapo nakala yako. Ukiigonga mara mbili inafunguka." Kivuva akaitazama karatasi ile ndogo, na kwa mara ya kwanza tangu aingie ofisini mule akaiona kompyuta ina akili.

Hapo ndipo lilipokuja suala la kuchagua. Kesho yake Gillian alikuta mashine inakwama kwama.

"Mzee Kivuva, diski imejaa mpaka shingoni. Programu za kufungulia intaneti ziko mbili, na zote zinakula nafasi." Ndizo hizi ambazo baadaye wasomi walizipa jina la vivinjari, wakati ule zilijulikana kwa picha zake tu, moja usukani wa meli, ya pili herufi ya buluu. "Mimi yoyote natumia. Wewe ndiye unashinda hapa. Chagua moja, ile nyingine niing'oe."

"Ipi bora?"

"Sasa hiyo ni kama kuniuliza sukuma na kabeji. Si zote ni mboga?"

"Si sawa, mwanangu. Moja huoza upesi."

"Basi zionje zote mbili, uone ya kuoza ni gani."

Kwa Gillian huo ulikuwa utani. Kwa karani wa masijala ilikuwa kazi. Kivuva alichukua karatasi, akaipiga mstari katikati kwa rula, upande mmoja akachora usukani na upande wa pili herufi. Siku tano, Jumanne mpaka Jumamosi, alizipima. Asubuhi alianza na usukani: apige simu, angoje mlio, simu ishikike au ikatike, aanze tena, kisha ukurasa uje kwa vipande vipande kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Dakika sita. Siku nyingine kumi na moja. Mwishoni: barua mpya, sufuri.

Kisha aliigonga ile karatasi ndogo mara mbili. Herufi ya buluu ikaruka, na kabla hajaondoa kidole ukurasa umesimama mbele yake mzima, na jina lake juu. Barua mpya, sufuri.

Siku ya tatu laini ya simu ilikufa Ukunda nzima. Usukani ukajaribu, ukashindwa, ukaandika maneno ya kuomba radhi. Herufi ya buluu ikafunguka vilevile, mara moja. Kivuva akatoka mpaka kwa Shutu, mama wa Kidigo aliyeuza mahamri nje ya mlango, akamwambia kwa furaha ambayo haikuwa kawaida yake:

"Ile moja hata simu ikifa yenyewe yafanya kazi."

"Nguvu za jini hizo, babu," Shutu akasema, akigeuza mahamri. "Mimi simu ikifa hata mume wangu simpati, na yuko Msambweni tu hapa."

Mcheka na amcheke. Lakini mtazame alivyokuwa akihesabu. Mashahidi wawili, siku tano, wakisema neno lile lile: sufuri na sufuri. Kwa masijala huo ni ushahidi uliokamilika. Hawakupingana hata mara moja. Tofauti yao ilikuwa mwendo tu, mmoja akichechemea na mwingine akiruka. Na kuhusu nakala, katika chumba alichokulia kikazi, nakala iliyopigwa muhuri ina nguvu sawa na barua yenyewe. Unaweza kuipeleka mbele ya hakimu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna nakala inayozeeka.

Jumatatu ya tarehe kumi na mbili Gillian aliingia ofisini macho yamevimba, mfuko wa safari begani. Mama yake huko Siaya alikuwa amepooza upande mmoja.

"Mzee, naenda. Sijui nitarudi lini. Wanaotaka intaneti waambie wangoje, wewe shika uchapaji. Umeshachagua ile programu?"

"Nimechagua. Ya buluu."

"Sawa. Usukani umekukosea nini?"

"Una kelele nyingi, na unachoka njiani. Hii nyingine ukiigusa imeshafika."

Gillian hakuwa na kichwa cha kusikiliza. Alikaa, akaung'oa usukani kutoka ndani ya mashine, akainuka. Mlangoni akageuka. "Lakini usisahau, piga simu kwanza ndio ufungue."

"Nimesikia," akasema Kivuva. Na kweli alisikia. Ila kupiga simu ilikuwa shida ya usukani, na usukani ulikuwa umekwisha ondoka. Wosia ule ukabaki kwake kama maagizo ya kumchunga ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa.

Basi ikaanza ile miezi miwili. Kila siku saa mbili na nusu asubuhi, na kila siku saa kumi na moja kabla ya kufunga, alifuta kioo kwa leso, akaigonga karatasi mara mbili. Sufuri. Julai ikaisha kwa manyunyu. Sufuri. Agosti ikaingia, pepo zikakauka, machungwa ya kwanza yakaiva Lukore, akaleta kumi ndani ya kikapu na kuyaweka juu ya kaunta, akala moja tu. Sufuri.

"Babu, mashine hiyo imekupa mchumba nini?" Shutu alimwuliza siku moja. "Waisujudia kutwa mara mbili."

"Nangoja barua ya binti yangu."

"Barua za zamani zilikuwa zikija na mtu anayehema. Ukimwona mtu wa posta anapita na baiskeli bila kusimama, unajua huna. Sasa hiyo itakwambiaje kama huna?"

"Inaniambia. Inaandika sufuri."

Shutu akatikisa kichwa. "Haya. Mwenzangu hata kusoma sijui."

Lakini alikuwa ameligusa lenyewe, mwanamke yule asiyejua kusoma, na Kivuva ajuaye kusoma hakulisikia. Kwa maana barua ya posta huja na muhuri wa mji na siku. Hata ikichelewa mwezi, muhuri hukwambia imechelewa. Ukurasa ule nao ulikuwa na tarehe, pembeni kulia, kwa herufi ndogo za kijivu. Mtu aliyegonga tarehe kwa miaka ishirini na saba hakuitazama tarehe. Jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwenye sufuri, siku baada ya siku, kama ulimi unavyolifuata jino bovu.

Kadiri Septemba ilivyokaribia ndivyo alivyozidi kuyaelewa mambo, na kila alichokielewa kilikuwa kosa. Mumbe amenyamaza. Mumbe ni damu yake. Akinyamaza ameshajibu. Aliyapima hayo usiku katika chumba chake cha kupanga na hakuona pa kuyapinga. Alijaribu kumkasirikia, hasira ikakataa kuja. Nani alimfundisha?

Jumapili ya mwisho alipanda Lukore. Aling'oa magugu kaburini, akaketi juu ya jiwe. "Kalondu," alisema kwa Kikamba, "mtoto amesema hapana." Kisha akanyamaza, na mkewe naye, kwa mara ya kwanza, alionekana kama mtu anayenyamaza kwa makusudi.

Alhamisi ya tarehe tisa, kabla ya kwenda Kwale, alifungua ofisi mapema. Akafuta kioo. Akaigonga karatasi. Akaitazama sufuri muda mrefu kuliko siku zote, kisha akazima mashine, akavaa koti lake la kazi la zamani, akaenda.

Bodi haikuchukua nusu saa. Walimwuliza kama familia imekubali. "Nimemwuliza binti yangu," alisema. "Sina mwingine." Akatia sahihi kwa ule mwandiko wake wa masijala, kila herufi imesimama wima. Nje Mangi alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee, kaburi la mama sitaligusa wala sitaruhusu ng'ombe walikaribie. Naapa kwa Mungu. Siku yoyote ukitaka kuja, njoo. Bisha hodi tu."

Alikuwa na nia njema. Ndiyo sababu neno lile lilimchoma Kivuva ubavuni njia nzima ya kurudi, kuteremka Kombani mpaka Ukunda. Bisha hodi tu.

Gillian alirudi Jumatatu ya tarehe ishirini, amekonda, kitambaa cheusi kichwani. Mama yake alikuwa amezikwa. Kivuva alimpa pole, kisha Gillian akauliza kama mtu anayetafuta habari nzuri popote:

"Na Mumbe, alisemaje?"

"Hakujibu. Nimeuza."

"Hakujibu? Mumbe? Haiwezekani. Umekuwa ukiangalia kweli?"

"Kila siku mara mbili. Kasoro Jumapili."

"Hebu nionyeshe."

Kivuva akavuta kiti, akafuta kioo, akagonga mara mbili. Ukurasa ukaruka. Sufuri. Gillian aliutazama, akaitazama simu iliyokaa kimya kando ya mashine, akautazama tena ukurasa.

"Hujapiga simu."

"Hii haihitaji simu. Nilikwambia."

Gillian akaweka mkono mdomoni. Akasogea, akakiweka kidole chake pembeni kulia mwa kioo, juu ya zile herufi ndogo za kijivu. "Mzee, soma hapa."

Akasoma. Tano Julai.

"Hii ni ile nakala," Gillian akasema taratibu. "Ni picha ya sanduku siku ile tuliyolifungua. Inabaki hivyo hivyo hata ukiigonga mpaka mwisho wa dunia. Si makosa ya hii programu, mzee. Hii ya buluu nayo ingekuletea barua, ungeipigia simu."

Gillian akapiga simu. Paka akalia mlangoni. Laini ikashika kwa mara ya kwanza, kana kwamba kwa dhihaka, na ukurasa ukaanza kujichora kutoka juu, mstari baada ya mstari. Barua mpya, tano.

"Nikusomee?"

"Nitasoma mwenyewe."

Ya kwanza ilikuwa ya tarehe kumi na nne Julai. *Baba, nimesoma barua yako nikiwa nimesimama nikashindwa kukaa. Usiuze. Nakuomba usiuze. Nitakuja Desemba tuongee.* Ya pili, ya mwisho wa Julai, ilikuwa na swali: michungwa ya mama ingali hai? Ya tatu, ya Agosti, ilikuwa ndefu. Yeye na Urs walikuwa wamezungumza. Urs alitaka kujenga nyumba ndogo upande usio na kaburi. Walikuwa wamekwisha kata tiketi mbili, za kuja bila haraka ya kurudi. *Niambie neno moja tu, baba. Hata kama ni ndiyo peke yake.* Ya nne: *Au barua zangu hazikufikii? Gillian aliandika chini ya barua yako kwamba utafungua mashine kila siku.*

Ya tano iliandikwa tarehe kumi na mbili Septemba, siku tatu baada ya bodi. Ilikuwa mistari minne.

*Baba, tarehe yako imepita na hukusema kitu. Mama alikuwa akituambia tusingoje jibu kwako, ukinyamaza umeshajibu. Nilidhani safari hii, kwa kuwa wewe ndiye uliyeniandikia kwanza, ungebadilika. Nimerudisha tiketi. Sitakusumbua tena.*

Kivuva aliisoma mara tatu. Kisha, kwa kuwa mikono ina mazoea yake hata akili ikikatika, aliuliza, "Yaweza kutolewa kwenye karatasi?" Gillian akazitoa zote tano. Akazitoboa, akazifunga kwa uzi.

Jioni ile ile alipanda kwa Mangi. Alibisha hodi. Watoto wa Mangi walikuwa wakicheza chini ya michungwa, mbali na kaburi kama walivyoagizwa. Mangi alimsikiliza mpaka mwisho, uso umemshuka.

"Mzee, ningekuwa peke yangu ningekurudishia leo hii. Lakini kule Mackinnon Road nimekwisha uza. Mke wangu na watoto wako hapa, ng'ombe wako hapa. Niwapeleke wapi?"

"Huna pa kuwapeleka," Kivuva akakubali. Lilikuwa jibu la haki, na haki ndiyo iliyomaliza.

Akamwandikia Mumbe. Yeye ambaye maisha yake yote aliyapima maneno kwa kijiko cha dawa, aliandika kurasa tatu. Akaeleza juu ya nakala, na usukani, na herufi ya buluu, na siku ile simu ilipokufa. Alipoisoma kabla ya kuipeleka, aliona ilivyo: yafanana na udhuru wa mtoto aliyechelewa shule. Nani angesadiki kwamba mtu alikaa mbele ya barua tano kwa siku sitini, akizifuta vumbi kwa leso? Hata hivyo aliipeleka. Wiki iliyofuata akapeleka nyingine. Na nyingine.

"Nirudishie ule usukani," alimwambia Gillian.

"Mzee, nilikueleza, si programu iliyo—"

"Najua. Nirudishie."

Gillian akafuta faksi za zamani kupata nafasi, akaurudisha usukani, akaing'oa herufi ya buluu. Na ile karatasi ndogo Kivuva aliifuta mwenyewe kwa mkono wake, nakala ya kwanza aliyopata kuiharibu tangu azaliwe.

Wapitao pale karibu na posta wakati ule, mwishoni mwa mwaka huo wa tisini na tisa na hata baada yake, walikuwa wakimwona kupitia mlangoni. Saa mbili na nusu asubuhi, na saa kumi na moja jioni. Apige simu. Paka alie. Laini ikatike, aanze upya. Hakulalamika tena juu ya mwendo. Dakika sita, siku nyingine kumi na moja, ameweka mikono magotini, akitazama mistari ikijichora kutoka juu, jina lake kwanza. Kisha macho yake yalikwenda pembeni kulia, kwenye tarehe, na tarehe ilikuwa ya leo. Hapo tu ndipo alipoyashusha chini ya jina kusoma hesabu.

Barua mpya, sufuri. Na safari hii ilikuwa ikisema kweli.